Faili Iliyosomwa Kabla Haijafika

“Kama kosa ni yangu, dada, mbona nikirudia bila kugusa kintu inakubali?”

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mwenzangu wa meza ya jirani, mwanamume wa Bukavu aliyekuwa ameanza kazi nasi wiki chache tu zilizopita. Nilimwambia kwamba hilo ni swali zuri. Aliniangalia kama mtu aliyeomba maji akasifiwa kiu.

Ofisi yetu ilikuwa Bukoto, Kampala, ghorofani, juu ya duka la vipodozi. Tulitengeneza programu ya simu ambayo maduka ya dawa yaliitumia kuagiza dawa, nazo zikaletwa kwa pikipiki. Tulikuwa wanne. Mkubwa wetu alikuwa Mkenya aliyetumwa kutoka ofisi kuu ya Nairobi. Kulikuwa na kijana wa Kiganda, aliyeajiriwa siku moja nami, ambaye alishughulikia sehemu ya waendesha pikipiki na kumtania kila aliyekaa karibu naye. Mimi nilikuwa na sehemu ya maduka. Mkongo, ambaye kwao alikuwa mwalimu wa hesabu kabla vita havijamtoa, alipewa sehemu ndogo kuliko zote: maneno. Kila ujumbe uliotokea kwenye simu, kwa Kiingereza, Kiganda, Kiswahili na Kifaransa, ulipitia mikononi mwake, pamoja na majina ya mitaa na viunga vya Kampala ambako dawa zilipelekwa.

Ofisini tulizungumza Kiswahili, kila mtu cha kwao. Changu ni cha kambini nilikokulia. Baba yangu ni askari kutoka kaskazini, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichowafaa wote, waliokwenda msikitini na waliokwenda kanisani. Mkubwa alikuwa na cha Nairobi. Kijana wa Kiganda alikuwa na cha barabarani, l na r zikibadilishana nafasi zinavyotaka.

Kazi ya kila mmoja iliishia kwenye mashine moja, kompyuta kubwa iliyokaa chini ya rafu jikoni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na betri ya akiba. Ukimaliza kuandika, unatuma. Mashine inachukua ulichotuma, inakiunganisha na vipande vingine, inajenga programu, halafu inaijaribu. Ikiridhika, mraba wenye jina lako kwenye televisheni ya ukutani unakuwa kijani. Isiporidhika, unakuwa mwekundu, na sababu inaandikwa chini yake. Mashine iliweza kujenga kazi za watu wote wanne kwa wakati mmoja, na mkubwa alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia sisi.

Mkubwa pia alikuwa na sheria ya chai. Katikati ya asubuhi, mama mmoja mwenye kibanda cha chakula hapo chini alipanda na chupa ya chai ya maziwa na chapati zilizofungwa kwenye karatasi. Huruhusiwi kuinuka kitini kabla hujatuma kazi. “Chai ni ya mtu ametuma,” mkubwa alisema, na mantiki yake ilikuwa nzuri: mashine ifanye kazi wakati sisi tunakunywa. Kwa hiyo miguu ya yule mama iliposikika ngazini, vidole vyote vilibonyeza pamoja. Hakuna aliyetuma mapema zaidi, maana hapakuwa na zawadi ya kutuma mapema.

Halafu tulisimama na vikombe mbele ya televisheni, na karibu kila siku mraba wa Mkongo ulikuwa mwekundu. Chini yake paliandikwa: eneo halipatikani, Nateete. Eneo halipatikani, Ntinda. Eneo halipatikani, Wandegeya.

“Leo umefuta mpaka Nateete?” kijana wa Kiganda alisema. “Tafadhari, ssebo, bwana wangu. Mama yangu anarara Nateete. Nitamwambia nini, kwamba Mukongo amemuhamisha?”

“Mwambie ahamie Bukoto,” Mkongo akajibu. “Bukoto sikugusa.”

Tulicheka, naye akacheka kidogo. Kisha akaweka kikombe chini, akaenda kwenye kompyuta yake na kubonyeza kurudia. Kabla hajamaliza chapati, mraba ulikuwa kijani.

Rudia ndiyo iliyokuwa dawa ya ofisi ile. Mashine imechoka, intaneti imechoka, rudia. Kwa Mkongo dawa hiyo haikushindwa hata mara moja, na hilo ndilo lililomharibia. Mkubwa alikuwa na maelezo yake: mtu huyu hana makini, anatuma kazi yenye makosa, akiumbuka anarekebisha kimya kimya, halafu anarudia.

“Na ni mraba wake tu,” aliniambia. “Wangu uko kijani. Wako uko kijani. Huyu kijana na makelele yake yote, kijani. Sasa mimi nifikirie nini?”

Mkongo alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na mwisho wa mwezi ule mkubwa alitakiwa kuiambia Nairobi kama anabaki au anaondoka. Sote tulilijua hilo. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akitengeneza simu katika kibanda cha mtu mjini, huku mkewe akiuza vitenge, na asipobaki angerudi huko huko.

“Siyo kazi mbaya,” aliniambia siku moja tukishuka ngazi. “Lakini pale nilikuwa nasahau. Hesabu inasahaulika kama hauitumie. Hapa nimeanza kukumbuka.”

Sina tabia ya kumwamini mtu kwa sababu nampenda. Chuoni niliwachosha wahadhiri wangu kwa kuwauliza wamejuaje wanachotufundisha, na baba alinizoeza kusikia kwamba jeshini “kwa nini” inasemwa baada ya kutii. Kwa hiyo nilianza kwa kumshuku Mkongo mwenyewe. Nilimwomba akae pembeni yangu, anionyeshe kila anachofanya kabla ya kutuma, naye akakubali bila kinyongo, kama mwalimu aliyezoea kukaguliwa. Nilipitia alichobadilisha tangu aanze, mstari kwa mstari. Hakuwa amefuta jina hata moja. Nikalinganisha kazi iliyopata nyekundu na ile iliyopata kijani baada ya kurudia. Ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi.

Nikampelekea mkubwa habari hiyo.

“Kwa hiyo mashine inamchukia?”

“Sijasema hivyo.”

“Umesema nini basi?”

“Nimesema hajafuta kitu. Kwa nini kazi yake inaanguka, bado sijui.”

“Ukijua, niambie. Lakini mwisho wa mwezi haingoji.”

Nilidhani ni kompyuta yake, iliyokuwa ya zamani, nikamwazima yangu. Nyekundu. Nikadhani ni zile herufi za Kifaransa zenye alama juu yake. Tukaziondoa zote asubuhi moja, Kifaransa chetu kikabaki kama kimenyolewa. Nyekundu. Kijana wa Kiganda alisema karibu na kwake kuna kanisa linaloombea kompyuta.

“Kweri kabisa,” alisema tulipomtazama. “Pasta anaziwekea mikono. Lakini lazima uende na chaja.”

Kilichonisaidia mwishowe ni televisheni yenyewe. Nilikuwa nimesimama na chapati mkononi nikisoma majina yaliyokosekana, sina hata nia ya kuyachunguza. Siku ile yalianzia Kyambogo. Juzi yake yalianzia Nateete. Siku moja kabla ya hapo lilikosekana Wandegeya peke yake. Bukoto halikuwahi kukosekana, wala Bwaise, wala Bugolobi. Nikaiweka chapati chini. Mtu mzembe anafuta hapa na pale. Uzembe haufuati alfabeti.

Nilimwita Mkongo nikamwonyesha. Akasoma akisogeza midomo.

“Kyambogo mpaka mwisho,” akasema. “Juzi, Nateete mpaka mwisho. Kila mara ni mpaka mwisho.” Akanigeukia. “Dada, hakuna mutu anafuta. Majina hayajafika. Iko mu njia.”

Majina yale yalikaa katika faili moja kubwa iliyotaja kila mtaa na kila kichochoro na mahali kilipo, yamepangwa kwa alfabeti. Sehemu zote nne za programu ziliitegemea. Ilitoka Nairobi, na kila asubuhi mashine yetu iliipakua upya, kwa sababu kila jioni mkubwa aliizima akihofia umeme unaokatika na kurudi kwa hasira, na folda iliyotumika kuwekea faili hiyo ni ya aina ambayo kompyuta huifagia inapowashwa. Asubuhi folda ilikuwa tupu. Kazi za kwanza za siku zilikuwa zile za wakati wa chai.

Tulifungua maagizo ambayo mashine iliyafuata kuhusu faili hiyo. Yalikuwa mafupi. Tazama kama faili ipo. Kama ipo, itumie. Kama haipo, ipakue. Niliyasoma na kuyarudia, na kila mara niliyaona yana akili. Hilo ndilo linalochosha katika makosa ya aina hii. Ukiyasoma maagizo peke yako, ukiwa mtu mmoja mwenye jambo moja, hayana ubaya. Yanaharibika pale kazi nne zinapoyafuata pamoja. Ya kwanza inakuta folda tupu na kuanza kupakua. Papo hapo faili inaonekana kwenye folda, ina jina lake kamili, ingawa ndani yake mna mistari michache ya mwanzo tu. Ya pili inafika na kuuliza kama faili ipo. Ipo. Inaisoma mpaka mwisho wake, na kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba huo si mwisho, inatangaza kwamba Ntinda haipo duniani.

Lakini kwa nini yeye tu? Hilo lilituchukua mchana mzima. Sehemu ya pikipiki iliiita faili ile kabla ya jambo jingine lolote, kwa hiyo mara nyingi ndiyo iliyoanza kupakua, na anayepakua anasubiri mpaka amalize, hadhuriki. Sehemu yangu na ya mkubwa zilikuwa nzito. Mashine ilihangaika nazo kwa muda mrefu kabla ya kuhitaji jina la mtaa wowote, na kufikia hapo faili ilikuwa imekwisha kushuka. Sehemu ya maneno haikuwa na cha kuhangaikia. Ilifika kwenye faili mara moja, ikaikuta nusu. Zile siku chache ambazo kijana wa Kiganda alichelewa kufika kazini, Mkongo alipakua mwenyewe na kuwa kijani. Alikuwa anaadhibiwa kwa kuwa na kazi fupi.

Haya yote yalikuwa maneno tu, na maneno mazuri nayo siyaamini. Siku iliyofuata niliposikia miguu ya mama wa chai ngazini nilituma kazi yangu, kisha nikaenda kupiga magoti jikoni, mbele ya kioo kidogo cha ile mashine. Niliiona faili ikitokea kwenye folda. Nikaona ukubwa wake ukipanda polepole, ukisimama, ukipanda tena. Nikaona kazi ya maneno ikianza na kuisha huku ukubwa ule ukiendelea kupanda.

Mama wa chai aliniruka akienda kwenye sinki. “Nnyabo, bibi, umepoteza hereni?”

“Hapana, mama. Natazama faili inavyoshuka.”

“Inashuka kutoka wapi?”

“Nairobi.”

Akatazama dari, akanitazama mimi. “Ikifika uje unywe chai,” akasema.

Mkubwa hakushawishika. Alinisikiliza akiwa ameegemea kiti, kalamu nyuma ya sikio.

“Maagizo hayo yametoka Nairobi,” akasema. “Kule tuko na watu wengi kuliko hapa, wanatuma kila dakika. Miaka yote hiyo sijasikia mtu akilia. Sasa iharibikie Bukoto?”

“Kule faili inachukua muda gani kushuka?”

“Hata hujaondoa kidole, imeshuka.”

“Hapa inachukua kikombe cha chai. Kule nafasi ya kuikuta nusu ni nyembamba mno, mtu hapiti. Hapa ni lango.”

“Wewe unamtetea huyu mzee.”

“Simtetei. Hata mimi nilimshuku. Kesho wewe ndiye utume sehemu ya maneno, yeye asitume kitu. Badilisha chochote unachotaka, hata nukta moja tu itatosha. Kama tatizo ni mtu, litaondoka na mtu.”

Aliitoa kalamu sikioni akaitazama. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa na hakika. Mtu mwenye hakika hana shida kujaribiwa, na kwa hilo nilimheshimu.

Asubuhi iliyofuata tulifanya hivyo. Mkubwa alifungua faili ya maneno, akaongeza nukta mwishoni mwa ujumbe mmoja wa Kiswahili uliokuwa hauna nukta, akatuonyesha sote kwamba hakugusa kingine. Mama wa chai alipopanda, tukabonyeza. Mkongo alikaa mikono mapajani. Hakuinuka hata chai ilipomiminwa, kwa kuwa hakuwa ametuma, na sheria ilikuwa sheria.

Mraba wenye jina la mkubwa ukawa mwekundu. Eneo halipatikani, Mengo. Eneo halipatikani, Mulago. Na kuendelea.

Nilikuwa nikiomba moyoni kijana wa Kiganda anyamaze. Hakuweza.

“Mkubwa,” akasema taratibu, “Mulago kuna hospitari. Wagonjwa umewapereka wapi?”

Mkubwa hakucheka. Alienda kwenye kompyuta yake akabonyeza kurudia, akabaki amesimama. Kijani. Akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwa Mkongo.

“Mzee, kwa nini hunywi chai?”

“Sikutuma, mkubwa.”

“Kunywa,” akasema. Kisha akanigeukia. “Tengenezeni.”

Kutengeneza kulikuwa kugumu kuliko kugundua. Wazo langu la kwanza lilikuwa kufuli: anayeanza kupakua aweke kwenye folda faili ndogo tupu, maana yake niko ndani, na wengine wakiiona wasubiri mpaka aiondoe. Tuliliweka, na kwa asubuhi kadhaa kila kitu kikawa kijani, nikaanza kutembea kwa madaha. Halafu kijana wa Kiganda akatuma kazi, akakumbuka amesahau jambo, akaisimamisha katikati. Kazi yake ikafa na kufuli likabaki. Miraba yetu mingine mitatu ikakaa kijivu, ikimsubiri mtu ambaye hayupo. Chai iliisha, chapati ziliisha, bado kijivu.

“Tulikuwa na mtu mmoja mwekundu,” mkubwa akasema. “Sasa tuko na watatu wa kijivu. Hii ndiyo dawa?”

Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu sana, na mkubwa hakuwa amesema lolote. Kuona mraba wake ukigeuka mwekundu kulimwonyesha kwamba kosa si la mtu. Hakukumwonyesha bado kwamba mtu huyu ni wa kumweka. Nilimwona Mkongo akiwatazama watu wa mtaani kupitia dirishani, wenye vibanda vya simu upande wa pili wa barabara, na sikutaka kujua anafikiri nini.

“Kufuli linataka kila mtu awe mwaminifu na asife,” aliniambia alasiri ile. “Tuache kufuli. Kila kazi ipakue yake, na jina la muda, jina yenye hakuna mwingine anatafuta. Ikimaliza kabisa, njo inapewa jina ya kweli.”

“Tutaivuta faili ile ile mara mbili, mara tatu,” nikasema. “Na intaneti yenyewe ndiyo hii.”

“Mara mbili nzima, ama mara moja nusu. Chagua, dada.”

Nilichagua, lakini nikamuuliza swali jingine: na wakati wa kubadilisha jina je? Si kuna kitambo kidogo ambacho jina la zamani limeondoka na jipya halijakaa, au limekaa na faili haijakaa? Tulisoma. Ilionekana kwamba ndani ya folda ile ile, kubadilisha jina ni tendo moja lisilo na katikati. Anayeuliza anakuta ama hakuna kitu, ama kitu kizima. Ukiihamisha faili kutoka diski nyingine, ahadi hiyo inavunjika, maana hapo kompyuta inanakili kidogo kidogo na nusu inarudi. Kwa hiyo jina la muda lilipaswa kukaa katika folda ile ile. Sikuridhika na kusoma tu. Niliandika programu ndogo ya kubadilisha jina la faili bila kupumzika, na nyingine ya kuichungulia bila kupumzika, nikaziacha zishindane alasiri yote. Ile ya kuchungulia haikufumania nusu hata mara moja.

Yeye akaongeza la pili. Intaneti yetu ilikuwa na tabia ya kukatika kimya, faili ikaishia njiani na mashine ikadhani imemaliza. Nairobi walikuwa wakitoa, pamoja na faili, alama fupi iliyokokotolewa kutoka kwenye faili nzima. Herufi moja ikipungua, alama inabadilika yote. Hakuna aliyekuwa akiitazama alama hiyo. Tukaiagiza mashine ikokotoe alama ya ilichopakua, ilinganishe, na ikiwa hazifanani itupe na kuanza tena. Jina la kweli ni baada ya hapo. Hesabu ile ya alama aliieleza ubaoni, mbele ya mkubwa, kwa chaki ya kuazima kutoka shule ya watoto ya jirani. Alieleza kama anavyoeleza mtu aliyewahi kuwa na darasa zima mbele yake: polepole, akisimama pale unapotarajiwa kuuliza, akikungoja. Mkubwa aliuliza maswali mawili. La pili lilikuwa zuri.

Mwishowe tuliiambia mashine ipakue faili yenyewe mara inapowashwa, kabla hatujatuma kitu, ili hata ule mvuto wa mara mbili uwe nadra. Hiyo ilikuwa kazi ya mistari michache. Sheria ya chai iliendelea. Vidole vilibonyeza pamoja, miraba yote ikawa kijani, na siku kadhaa zikapita bila mtu kusema rudia.

Siku ya mwisho wa mwezi mkubwa alimwita Mkongo kwenye kile chumba kidogo tulichowekea chupa za maji. Mlango ulifungwa. Kijana wa Kiganda alizima muziki wake bila kuambiwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilijifanya naandika. Walikaa kwa muda, kisha Mkongo akatoka, akaketi, akafungua kazi yake pale alipokuwa ameiachia.

“Amesema nini?” nikamuuliza.

“Amesema niendelee.”

“Basi?”

“Ameuliza kama ninaweza kushika na sehemu ya pikipiki.”

“Chukua, ssebo, chukua,” kijana wa Kiganda akasema kutoka upande wake. “Mimi nitashika maneno. Kwa Kiswahiri hii yangu, dawa zote zitafika Kenya.”

Mkongo alicheka mpaka akavua miwani. Nilingoja kuona kama mkubwa atasema mbele yetu kwamba alikosea. Hakusema. Baada ya muda niliacha kungoja, kwa sababu niliona anampelekea Mkongo maswali ambayo zamani alinipelekea mimi, na nikaamua kwamba kwa mtu kama yeye huko ndiko kusema.

Niliondoka pale nikaenda kufanya kazi katika kampuni nyingine, Kabalagala. Siku moja wakati wa chakula cha mchana tulikuwa tukisimuliana makosa ya ajabu tuliyowahi kukutana nayo, na nikasimulia hili: faili, alfabeti, chai. Mwenzangu mmoja, mwanamke wa rika langu, aliacha kula. Aliniuliza kama ofisi hiyo ilikuwa Bukoto, ghorofani. Akauliza kama chini kulikuwa na duka la vipodozi.

Nilipochunguza sehemu ya maneno sikurudi nyuma ya siku aliyoanza Mkongo, sikuona sababu. Mwanamke huyu ndiye aliyeishika kabla yake, na aliondoka kabla mimi na kijana wa Kiganda hatujaajiriwa. Alikuwa ametoka tu kumaliza masomo ya chuo kikuu Kyambogo, na ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Kipindi cha majaribio kilipokwisha hakuongezewa muda. Mkubwa alimwambia kwamba ni mzembe, anafuta majina ya mitaa, naye aliamini.